Glavu ya Mkono wa Kulia

Dar es Salaam
6 Februari 2023

Shikamoo Mama Honorata,

Umesema hutaki simu kwa kuwa inakupigia kelele sikioni na kukata maneno katikati, kwa hiyo nimekaa chini na kalamu kama enzi zile za kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Bahasha hii naipeleka stendi leo hii. Itashushwa hapo Kigoma, Mwanga kwa Hamdani, fundi cherehani, naye nimemwomba akuletee Bangwe asiikalie.

Nimepokelewa. Nina miezi mitatu ya majaribio. Mkuu wa maabara ni Daktari Marcelina, mwanamke mfupi anayewaacha nyuma watu warefu akitembea. Ameniambia wazi kwamba nikifanikisha kazi aliyonipa, ataniandikia barua ya kuombea kibali changu cha kuishi nje ya kambi kiongezwe miaka miwili. Nisipofanikisha, kibali kinaisha mwezi wa tano na mimi narudi kambini na cheti changu kwenye bahasha. Hakusema kwa ubaya, na nilimpenda kwa kusema.

Sasa kazi yenyewe, maana najua utauliza. Kila seli ya mwili ina kitabu kikubwa cha maagizo, na kitabu hicho hakitoki chumbani. Seli ikitaka kutengeneza kitu hunakili ukurasa mmoja kwenye kikaratasi, na hicho kikaratasi ndicho kinachokwenda jikoni kusomwa. Kinaitwa RNA mjumbe. Kikishasomwa mara kadhaa kinachanwa. Mama, watu wamejifunza kukiandika wenyewe, nje ya mwili kabisa, ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Wanakivisha kofia upande wa mbele, maana bila kofia jikoni hakisomwi na kinaharibiwa mapema. Nyuma wanakifungia mkia mrefu. Kisha herufi moja kati ya zile nne zake wanaibadilisha kidogo sana, ili seli isikione kuwa mgeni mwenye nia mbaya ikakipigia yowe. Aliyefikiria hilo la herufi ningependa kumpikia ugali kwa mikono yangu.

Mjumbe wangu wa kwanza amebeba agizo la kimulimuli, ile protini inayomfanya awake. Seli tunazozikuza hapa hazijawahi kukutana na kimulimuli, lakini zikimsoma mjumbe vizuri zitaitengeneza protini hiyo, na tukizipa chakula chake zitatoa mwanga. Tukiupata mwanga, Daktari atajua kwamba njia yetu inafanya kazi. Baada ya hapo tutawapa wajumbe agizo la protini za kimelea cha kipindupindu, kwa ajili ya utafiti. Alipolitaja jina hilo nilianza kupanga vichupa vilivyokuwa vimeshapangwa, na yeye hakuniuliza.

Adui wa mjumbe ni sisi wenyewe. Ngozi ya mkono ina kitu kinachomkata vipande kabla hujamaliza kupiga chafya. Ndiyo maana hapa ni glavu kuanzia mlangoni.

Anayefanya usafi ni Mzee Leodgar, mtu wa Simbo ya huko Kigoma. Ana miaka thelathini Dar na bado anaongea kama ametoka shambani jana. Aliposikia nimetokea Kigoma alisimamisha dekio akaniuliza habari za ziwa.

Mwanao,
Lyse Habonimana


Bangwe, Kigoma
14 Februari 2023

Marahaba Lyse, mwana wanje, mwanangu,

Hamdani aliikalia siku mbili. Anasema ana sare za shule za kushona. Nimemwambia sare haina presha, mimi ninayo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na miwani na mara moja bila miwani, kujiringia. Mimi ni darasa la saba na kozi ya miezi sita ya uhudumu wa afya, lakini hilo la kikaratasi nimelielewa, usidhani. Pale zahanati daktari alikuwa anaandika, mimi nabeba, dirisha la dawa linasoma. Ukienda na karatasi isiyo na muhuri wanakurudisha, hata kama maandishi ni ya daktari mwenyewe na mgonjwa anakata roho kwenye benchi. Kwa hiyo kofia ya mjumbe wako ndiyo muhuri. Na ile herufi iliyobadilishwa ni kama mtu wa ng'ambo aliyejifunza kusalimia kwa lugha ya wenyeji, anafunguliwa mlango. Wewe hilo unalijua kuliko mimi.

Nilikaa nikafikiri juu ya huyo mdudu. Seli haimjui kimulimuli, inapewa kikaratasi tu, inawaka. Nimemsifu Mungu kisha nikawasifu na ninyi. Jirani yangu Rozalia nimemwambia unatengeneza chanjo. Kama siyo, usinisahihishe, maana ameshaniletea samaki, migebuka minne.

Huyo Mzee Leodgar, ikiwa ni mtu wa Simbo, basi hapo ndiye mzazi wako. Msalimie kwa mkono, kwa adabu kamili, kila siku ya Mungu. Nisije kusikia kwamba mtoto wangu amefika mjini akaanza kusalimia wazee kwa kidevu.

Nakutumia dagaa kilo mbili na chupa ya mawese. Chupa imefungwa kwa nailoni mara tatu, ila ikivuja kwenye nguo zako utanukia kwenu.

Kimulimuli kikiwaka niandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako wa Bangwe,
Honorata


Dar es Salaam
3 Machi 2023

Shikamoo Mama,

Dagaa wamefika vizuri na chupa haikuvuja. Mimi ni mzima. Kazi inaendelea vizuri na wenzangu ni watu wazuri. Kimulimuli bado kidogo, lakini mambo yanaenda vizuri, ni kawaida kazi hizi kuchukua muda. Chakula ni kizuri. Hali ya hewa siyo nzuri sana kwa joto, ila usiku huwa vizuri.

Mzee Leodgar nimemsalimia kama ulivyoagiza. Alifurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sasa haipiti siku bila kupeana mkono. Anasema vijana wengine wa hapa wanampungia kama wanafukuza inzi.

Chanjo siyo, lakini sikusahihishi, kula migebuka yako.

Nina haraka kidogo leo. Nitaandika tena.

Lyse


Bangwe
11 Machi 2023

Lyse,

Umeandika "vizuri" na ndugu zake mara saba katika karatasi moja. Nimehesabu. Mtu aliye vizuri huandika juu ya vitu vingine.

Unakumbuka nilipokutembelea kambini mara ya kwanza, ukaniambia umeshiba, na tumbo lako likakujibu kabla yangu? Maandishi yako nayo yana tumbo. Mwezi wa pili ulinijazia kurasa kwa furaha ya kofia na mikia. Mwezi wa tatu unanipa hali ya hewa.

Sasa nisikilize. Kule ufukweni Kagunga, mwaka ule mlipovuka kuja, kipindupindu kilipotuzidi, dawa tulikuwa nayo na maji ya chumvi na sukari tulikuwa nayo, na bado kila asubuhi wanaletwa wapya kutoka hema lile lile. Mkubwa wetu alifanya jambo moja. Alimwambia kila mhudumu aandike siku yake nzima, kuanzia anafungua macho: nani aligusa nini, kwa mkono gani, kisha akagusa nini. Siyo tunachopaswa kufanya, maana hicho sote tulikijua kwa kichwa. Tunachofanya. Tuliandika hata aibu zetu. Siku ya pili tukaliona kosa: kikombe cha kuchotea. Mkono wa kulia tulikuwa tunauosha kwa klorini kama tunaukomoa, halafu kikombe tunakishika kwa mkono wa kushoto.

Nataka siku yako moja, namna hiyo. Usinifichie, maana mimi siye mwenye kibali chako.

Honorata


Dar es Salaam
17 Machi 2023

Shikamoo Mama,

Nisamehe. Haya, ukweli huu.

Nimefanya jaribio mara nne na mara zote nne seli zimekaa giza. Mwanzoni nilidhani nimekosea kuwaingiza wajumbe kwenye seli. Kisha Daktari akanifundisha kuwapima wenyewe kwenye jeli. Mjumbe mzima anaonekana kama mstari mmoja mnyoofu. Wangu walionekana kama moshi umepita, maana yake wamekatwakatwa. Wajumbe hawa tumewanunua tayari wameshavishwa kofia na kubadilishwa herufi, wamesafiri kwenye barafu kavu kutoka mbali sana, na walifika wazima. Daktari alichukua kichupa kutoka friza ile ile akajaribu mwenyewe, na seli zake zikawaka. Kwa hiyo kosa liko mikononi mwangu, na kila mtu anajua ni mikononi mwangu. Hakuna anayelisema. Wanazungumza nami kwa upole, na huo upole ndio unaoniumiza.

Vichupa vimebaki vinne. Daktari amesema nijaribu tena mwisho wa mwezi wa nne, kisha ataandika ripoti yake vyovyote itakavyokuwa.

Siku yangu ni hii. Nafika saa mbili. Nanawa kwa sabuni mpaka viwiko, navaa koti, navaa glavu. Nafuta meza kwa ile dawa ya kuondoa adui wa mjumbe. Nafuta na vifaa. Natoa kichupa kwenye friza nakichomeka kwenye barafu. Nangoja kiyeyuke. Wakati huo, kama saa tatu na nusu, anaingia Mzee Leodgar kuchukua takataka. Nasimama. Navua glavu ya mkono wa kulia naitupa, nampa mkono, na kwa mkono wa kushoto nashika kifundo cha huu wa kulia kama nilivyofundishwa nyumbani. Naye ananifunika kwa mikono yake miwili. Tunaulizana habari za Simbo, za Bangwe, za mvua. Akitoka navaa glavu mpya ya kulia. Mpya kabisa, Mama, siyo ile ya zamani, hilo nilifundishwa. Kisha nakaa, nashika kichupa, nafungua, nafanya kazi mpaka saa saba.

Ungeniambia nisivue glavu. Daktari pia angeniambia, ndiyo maana sikumwambia. Siwezi kumpa mzee mkono wa mpira. Wewe unajua kwa nini, na kwa kuwa umetaka hata aibu zetu, nitaliandika.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama yangu mzazi alikuwa amelala kwenye turubai pale ufukweni Kagunga, ameinua mkono ananitafuta, na wewe ulisimama katikati na glavu zako za njano ukasema, "Usimguse." Ukanishika mabega ukanitoa. Ulikuwa sahihi, nimesoma na sasa najua ulikuwa sahihi kwa kila neno. Ukaja ukanitembelea kambini kila mwezi kwa miaka mitano, ukaninunulia madaftari, na hakuna mtu ninayemstahi duniani kama wewe. Lakini siku ile niliapa kwamba mtu mzima akininyooshea mkono, nitampa wangu, mtupu.

Kuna jambo nimetaka kukuuliza miaka minane. Nilipotoka pale, mama alikufa peke yake?

Lyse


Bangwe
25 Machi 2023

Kabla ya salamu: na glavu ya kushoto?

Ya kulia unaitupa, unavaa mpya, umejisifu na umestahili. Lakini ya kushoto ndiyo inayoshika kifundo cha mkono wa kulia ukiwa mtupu, na ndiyo inayofunikwa na mikono ya mzee. Halafu ukikaa unashika kichupa kwa mkono gani? Wewe ni mtu wa kulia, kama mimi. Mtu wa kulia hufungua kizibo kwa mkono wa kulia. Kichupa anakishika kwa wa kushoto.

Uliniandikia mwenyewe mwezi wa pili kwamba adui wa mjumbe anakaa kwenye ngozi. Basi unampeleka kila siku saa tatu na nusu, kwa heshima zote.

Niliposoma mstari ule nilikaa kitako sakafuni, Rozalia akadhani presha. Kosa siyo lako. Nani alikuandikia umsalimie kwa mkono, kila siku ya Mungu? Mimi. Nimekaa Bangwe na miwani yangu nimewakatakata wajumbe wako wa gharama kwa adabu. Na Kagunga nilikuwepo, kile kikombe nilikishika mwenyewe, na bado nimerudia kosa lile lile kupitia mkono wako.

Sasa nisikilize, maana naona unajiandaa kuchagua kati ya mzee na kazi. Hakuna anayekutaka uchague. Huyo ni mtu wa Simbo, na sisi Waha kushikana mikono tumejifunza baadaye. Bibi yangu hakumshika mtu mkono maisha yake yote. Alikuwa anainama kidogo, anapiga makofi taratibu, anauliza habari ya nyumba, ya watoto, ya mbuzi, na makofi yanaendelea mpaka habari ziishe. Hakuna aliyeondoka pale akidhani amedharauliwa. Kagunga nilipowakataza watu mikono walinichukia, mpaka nikaanza kuwapigia makofi ya bibi. Wazee wa Kirundi wakacheka, kisha wakajibu.

Mpigie Mzee Leodgar makofi. Na glavu zote mbili ukiwa umevaa. Na umwambie Daktari ukweli, hata kama unakuchoma. Mtu aliyekuambia wazi siku ya kwanza anastahili kuambiwa wazi.

Usiwe na haraka ya kuandika. Fanya kazi kwanza.

Honorata


Dar es Salaam
24 Aprili 2023

Shikamoo Mama Honorata,

Kimewaka.

Naanza mwanzo, nivumilie. Barua yako niliisomea stendi nikiwa nimesimama, nikaangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine. Ni kweli, kichupa nakishika kwa kushoto. Nimesoma sayansi miaka minne na sikuwahi kuutazama mkono wangu wa kushoto.

Nilimwambia Daktari siku ile ile, pamoja na kiapo. Sikumficha hata Kagunga. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Tumekufundisha kila kitu isipokuwa jinsi ya kumsalimia mzee." Lakini yeye haamini neno bila kipimo, hata likitoka kwa muuguzi wa Bangwe, maana ndivyo anavyokuita sasa. Akatoa kichupa kimoja, tukakigawa nusu kwa nusu. Nusu moja nilishika nikiwa na glavu mpya zote mbili. Nusu nyingine nilishika baada ya kushika kifundo changu kitupu kwa glavu ya kushoto, kama ninavyofanya nikimsalimia mzee. Tukaziweka kwenye jeli. Ya kwanza ilitoa mstari mnyoofu mpaka raha. Ya pili ilikuwa moshi. Daktari aliitazama jeli ile akasema anataka kukufahamu.

Mzee Leodgar ndiye niliyemwogopa. Alipoingia saa tatu na nusu nilisimama, nikabaki na glavu, nikaona mkono wake unaanza kunyooka. Nikainama, nikapiga makofi. Glavu zinatoa mlio wa ajabu, kama mtu anapiga chapati. Akasimama. Akaweka chini mfuko wa takataka. Nilidhani anaondoka. Akainama naye, akaanza kupiga makofi taratibu, akauliza kwa Kiha habari ya nyumba, ya watoto, ya mbuzi ambao sina, na mimi nikajibu kwa Kirundi na tukaelewana kila neno. Alisema hajasalimiwa hivyo tangu alipomzika mama yake. Sasa anakuja akiwa ameshaanza kupiga makofi huko kwenye korido, na vijana wa chumba cha pili wameiga. Nikimaliza kazi, nikishavua glavu zote, ndipo nampa mkono.

Jaribio lenyewe tulifanya Alhamisi. Nilizipa seli wajumbe wa namna mbili: wa kwanza, wa kulinganishia tu, hawana kofia wala herufi iliyobadilishwa, wa pili wamevikwa na kubadilishwa. Najua utaniuliza kama mwanga ulionekana kwa macho. Hapana, mashine ndiyo inayousoma na kutoa namba. Wale wasio na kofia walitoa mwanga wa mia chache, hata mashine inaona aibu. Wale waliovikwa walitoa zaidi ya milioni mbili. Nilirudia, ikawa vile vile. Nikarudia mara ya tatu kwa sababu ya furaha tu. Mama, nilikaa pale nikawaza juu ya kikaratasi kilichoandikwa na watu, kikavuka bahari kwenye barafu, kikaingia nyumba isiyokijua, na kwa muhuri na salamu sahihi kikapokelewa na kusomwa, nyumba ikawaka. Nilimstahi kila aliyewahi kukishika bila kukivunja. Nilikustahi wewe zaidi, maana uliliona kosa ukiwa na barua tu na miwani.

Barua ya kibali Daktari ameiandika na imepelekwa. Amesema kipindupindu tutaanza mwezi wa saba na mimi ndiye nitakayewashika wajumbe wake.

Sasa, Mama. Swali langu la mwezi wa tatu uliliruka. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Kama jibu ni ndiyo, niandikie ndiyo. Mimi siyo tena mtoto wa miaka kumi na minne.

Mwanao,
Lyse


Bangwe
2 Mei 2023

Lyse, mwana wanje,

Hamdani hii hakuikalia hata saa moja, aliacha cherehani inazunguka. Niliisoma kwa sauti uani. Rozalia alipiga vigelegele kwa ajili ya chanjo, nikamwacha. Milioni mbili nimemsomea mara mbili. Ningeandika kurasa za kukusifu na bado nitaziandika, lakini naona ukurasa huu una kazi nyingine.

Jibu ni hapana. Hakufa peke yake.

Nilipokutoa pale nilikukabidhi kwa yule mama wa foleni ya maji, kisha nikarudi. Mishipa ya mama yako ilikuwa imelala, sindano haikupata tena pa kuingia. Alikuwa bado ameinua ule mkono, anapapasa. Nikampa wangu. Akaushika kidogo, akauachia, akapapasa tena. Anayekufa anaujua mpira. Nilitazama kama kuna anayeniona, maana sheria ile niliitangaza mimi mwenyewe kwa kipaza sauti tangu alfajiri. Nikavua glavu ya mkono wa kulia, nikampa mkono mtupu.

Akaita, "Lyse."

Kutwa nzima pale ufukweni nilikuwa nimesikia watoto wenu wakiitwa na wazazi, na jinsi wanavyoitika, abee ya Kirundi. Nikaitika, "Karame."

Hakuita tena. Alinishika hivyo labda robo saa, kwa nguvu kuliko nilizodhani anazo, na uso wake ulitulia. Alijua ni wewe. Sikumsahihisha. Baadaye nikanawa kwa klorini mpaka ngozi ikabanduka.

Sikukuambia kwa sababu ya aibu mbili. Ya kwanza, nilikukataza jambo nikalifanya mwenyewe hata dakika tano hazijapita. Ningekuambiaje wewe usiguse? Ya pili ndiyo nzito. Niliitika kwa jina lisilo langu. Salamu yake ya mwisho ilikuwa yako na niliipokea mimi, na kila mwezi nilipopanda gari kuja kambini na madaftari nilikuwa nakuja kukurudishia, nikifika nashindwa, nakupa madaftari tu. Ukaniandikia kiapo chako na nikaona kwamba sote wawili tumeishi na mkono ule mmoja miaka minane, kila mtu kwa upande wake. Hata hapo niliogopa, nikakuandikia habari za makofi.

Mkono alioushika ndio huu ninaokuandikia. Natumaini mwezi wa sita watakupa likizo. Ukishuka Mwanga usipitie kwa Hamdani, atakuchelewesha. Njoo moja kwa moja Bangwe, weka mizigo mlangoni, na kabla hujala wala kunawa unipe mkono wako wa kulia, nikurudishie.

Mama yako,
Honorata